Mtoto hana kadi ya chama



Kila tunapokutana, iwe tawini, barzani au kwenye magrupu ya WhatsApp, mazungumzo yetu ni yale yale: tume ya uchaguzi, daftari la wapiga kura, nani kanyimwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Ni mambo ya haki hayo na sitaki mtu ayaache. Lakini leo naomba tuzungumze habari za watu ambao hawamo katika daftari lolote, hawana kura, na kwa hivyo hakuna anayewafuata kuwaomba chochote. Nasema juu ya watoto, khasa watoto waliofanyiwa udhalilishaji, na namna kesi zao zinavyokufa mikononi mwetu kabla hazijafika mikononi mwa hakimu.

Nasema "mikononi mwetu" kwa makusudi. Tumezoea kila tatizo kulipeleka kwa Serikali, na Serikali ina mengi ya kujibu, nitayafikia. Lakini hili lina sehemu yake iliyo mlangoni kwetu.

Tuanze na sheria, maana ndiyo ninayoisoma. Kuna watu wanadhani Zanzibar hatuna sheria ya kumlinda mtoto. Tunayo. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011. Mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na maslahi yake ndiyo ya mwanzo kutazamwa katika kila jambo linalomhusu. Sheria hiyo ndiyo iliyoweka msingi wa Mahakama ya Watoto. Mwaka 2015 ilipewa tuzo ya dhahabu ya kimataifa na taasisi ya World Future Council, iliyokuwa ikitafuta sheria bora duniani za haki za watoto. Ndiyo, sisi, visiwa hivi vidogo, tuliwashinda wakubwa.

Nyuma yake kuna mikataba. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989 na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto ni wa mwaka 1990, na Tanzania imo tangu 2003. Mbele yake zikaja nyengine za hapa hapa: Sheria ya Ushahidi ya 2016, Sheria ya Adhabu ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka huo huo 2018. Mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalum za kesi za udhalilishaji. Kwa hivyo kama ni karatasi, tunazo. Anayesema tunasubiri sheria mpya, mimi namuuliza: hizi zilizopo umezitumia mara ngapi?

Sasa twende kwenye ukweli. Mwaka 2009 ulifanywa utafiti mkubwa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, Bara na Zanzibar, na matokeo yake yakatolewa 2011. Waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Zanzibar, takriban wasichana 6 katika kila 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa takriban 9 katika kila 100. Soma tena hapo. Wavulana walikuwa wengi kuliko wasichana. Na ukatili wa kupigwa na kuumizwa mwili, walioupata walikuwa zaidi ya nusu, wa kike na wa kiume.

Utafiti huo ni wa zamani, lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo halijazeeka. Hizo ni habari ambazo kijana alikuwa tayari kumwambia mtu asiyemjua, aliyekuja na karatasi ya maswali na kesho akaondoka. Pengine kwa mama yake hakusema. Pengine kwa mwalimu wa skuli au wa chuoni hakusema. Kwa nini mtoto wa Pemba amwambie mgeni jambo ambalo hamwambii mtu wa nyumbani?

Jawabu tunalijua sote, na lina jina: muhali.

Mtu asiye wa kwetu anaweza kudhani muhali ni uoga tu. Sivyo. Mimi ni mtoto wa Chokocho, nimekua nao, najua unavyotengenezwa. Kwetu watu wanasali msikiti mmoja, wanavua bahari moja, wanaozana. Anayekwenda Kisiwa Panza anapanda chombo na yeyote aliyekuwepo bandarini, awe rafiki yake au mtu waliyegombana jana. Ukitaka kuishi pahala kama hapo lazima ujifunze kumeza maneno. Muhali umezuia ugomvi mwingi, umeponya ndoa nyingi, umezika madeni mengi. Sitaki kuutukana.

Lakini muhali una gharama yake, na kwenye udhalilishaji anayelipa ni mmoja tu, tena mdogo kuliko wote pale. Mtuhumiwa anabaki na heshima yake. Familia zinabaki na ujamaa wao. Wazee wanabaki na sifa ya kusuluhisha. Mtoto anabaki na nini? Anabaki kumwamkia "shikamoo" mtu yule yule kila akipita.

Kuna kesi moja ninayoijua, sitasema ya kijiji gani wala ya mwaka gani, kwa sababu mtoto yule ana haki ya kutotambuliwa. Alikuwa wa umri wa darasa la sita. Ilianza vizuri: mama alipiga kelele, watu wakajua, polisi wakaandika maelezo, daktari akampima. Baadaye wazee wa pande mbili wakakaa. Pakatajwa fedha, pakatajwa undugu, pakatajwa "tusimwage mchele kwenye kuku wengi". Ilipofika siku ya kusikilizwa, shahidi wa kwanza alikuwa "kasafiri". Ya pili, mama "anaumwa". Ya tatu, mtoto mwenyewe hakuletwa. Hakimu afanye nini? Kesi ikaondoshwa. Jioni ile ile watu walikaa barzani wakisema mahakama za nchi hii hazina haki.

Mimi nilikuwa nasikia, na nilikuwa najiuliza: mahakama ndiyo iliyomficha yule mtoto?

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike hapa, kwenye ukurasa wetu, badala ya kuliandika kwenye kazi ya darasani. Pemba tuna muhali wa aina ya pili, nao ni muhali wa chama.

Wazee wetu wanakumbuka baada ya uchaguzi wa 1995. Watu walisusiana maduka, wakasusiana maziko, wakasusiana harusi, kisa huyu CUF na yule CCM. Tulisema yale yamekwisha, na kweli maridhiano ya mwaka 2009 na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 yalipunguza mengi. Maalim Seif, Mungu amrehemu, alibeba lawama nyingi kwa ajili ya kutaka tuishi pamoja. Lakini mizizi bado ipo, na inachipua pahala pabaya kabisa.

Tazameni inavyokuwa. Akituhumiwa mtu wa upande wetu, mtu anayetoa fedha za mkutano, anayetupa gari siku ya kampeni, maneno ya mwanzo ni "wanataka kutuchafua". Kabla hatujauliza mtoto yuko vipi, tushauliza aliyesema ni wa chama gani. Akituhumiwa mtu wa upande wa pili, hapo tunakuwa wanaharakati kweli kweli. Picha zinarushwa, jina la skuli linatajwa, pengine na uso wa mtoto. Wiki moja ya makelele. Siku ya kesi tukitazama kwenye ukumbi wa mahakama, hayupo hata mmoja wa wale waliorusha.

Katika hali zote mbili mtoto ametumika. Kule amezikwa ili chama kisichafuke, huku amefukuliwa ili chama cha mwenzake kichafuke. Na kumrusha mtoto mtandaoni na jina lake ni kumdhuru mara ya pili. Picha haifutiki. Ataolewa nayo, ataomba kazi nayo.

Tunayo na huruma ya mbali. Fungueni simu zenu mtazame tulivyoweka watoto wa Gaza, wa Sudan, wa Goma. Ni haki kabisa, na aliyeacha kuumia kwa ajili yao ana tatizo moyoni. Lakini tujiulize kwa nini ya kule tunayasema kwa sauti kubwa kuliko ya shehia yetu. Jawabu ni jepesi: yule anayewapiga mabomu watoto wa Gaza hatuna naye muhali. Hatukuoa kwao, hatupandi naye mashua moja. Ujasiri unapimwa kwa aliye karibu.

Kuna mwanamke mmoja wa Kiingereza, Eglantyne Jebb, ambaye historia yake kila kijana wa siasa aijue. Mwaka 1919 vita vikuu vya kwanza vimekwisha, lakini Waingereza na washirika wao bado wamezuia meli za chakula kwenda kwa maadui walioshindwa. Watoto wa Austria na Ujerumani wanakufa kwa njaa. Jebb akasimama Trafalgar Square, London, akagawa karatasi zenye picha ya mtoto aliyekondeana. Akakamatwa, akapelekwa mahakamani, akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huo huo akaanzisha Save the Children. Tamko la haki za mtoto aliloliandika likapitishwa na Shirikisho la Mataifa, Geneva, mwaka 1924, na humo ndimo ilimoanzia safari ya mkataba wa 1989.

Fikirini alichofanya. Nchi yake ilikuwa imetoka kuzika maelfu kwa maelfu ya vijana waliouliwa na Wajerumani, na yeye anaomba maziwa kwa watoto wa Wajerumani. Kama ingekuwa kwetu, tungemwita msaliti. Msingi wa sheria zote za mtoto duniani uko hapo: mtoto wa adui ni mtoto. Basi mtoto wa mtu wa CCM ni mtoto, na anayemdhalilisha mtoto, akiwa na kadi yetu, kadi haimsafishi.

Najua swali linalokuja, maana nimeshaulizwa: "We binti, unatwambia twende polisi? Polisi hawa hawa?"

Swali hili silidharau. Tarehe 27 Januari 2001 watu wetu walipigwa risasi kwenye maandamano. Tume ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu waliokufa 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35. Zaidi ya watu elfu mbili walikimbilia Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya bahari, na watoto wakiwamo. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimelelewa na watu waliokuwa na hofu ile. Na Oktoba 2020 kizazi chetu kikajionea yake. Ukimwambia mzee aliyeona hayo ampeleke mjukuu wake kituo cha polisi, usimcheke akisita.

Lakini kuwaogopa polisi kusiwe ndiyo kinga ya mdhalilishaji. Akijua kwamba watu wa kijiji hiki hawaendi polisi kwa sababu za siasa, atakaa kijiji hiki kwa raha. Na njia haianzi lazima kituoni. Vipo Vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini. Cha kwanza kilifunguliwa Mnazi Mmoja, Unguja, mwaka 2011, na Pemba pia vipo. Pale daktari, afisa ustawi wa jamii na polisi wanamhudumia mtoto pahala pamoja, asizungushwe kusimulia jambo moja mara kumi. Wapo wasaidizi wa sheria katika shehia, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018. Ipo na simu ya bure ya watoto, 116.

Na mimi kama mwanafunzi wa sheria lazima niseme upande wa pili: mtuhumiwa naye ana haki. Hana hatia mpaka ithibitike. Sisi tuliowaona masheikh wetu wakikaa rumande miaka mpaka wakatolewa 2021 bila kesi kufika mwisho, tunajua vizuri maana ya mtu kufungiwa bila hukumu. Ndiyo maana nasema kesi iende mahakamani. Pale ataulizwa maswali, ataleta mashahidi wake, na kama kasingiziwa atasafishwa mbele ya watu. Kwenye sulhu ya barzani hasafishwi mtu. Mwema anabaki na doa na mbaya anabaki na nafasi.

Sasa tufanye nini? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

La kwanza, kiongozi yeyote wa tawi au wa vijana asikae kwenye sulhu ya udhalilishaji wa mtoto. Akiitwa akatae, na aseme kwa nini. Sulhu ya mpaka wa shamba, sawa. Ya mke na mume waliokasirikiana, sawa. Mtoto hapana. Chama kiweke jambo hili kwa maandishi, na atakayekwenda kinyume avuliwe uongozi, hata kama ndiye anayetupa gari.

La pili, kila tawi liwe na vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wanaojua njia. Si wapelelezi hao, wasimhoji mtoto. Kazi yao ni kuisindikiza familia na kuwaambia yale ya saa za mwanzo: mtoto asikoshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa zisifuliwe, zitiwe katika mfuko wa karatasi na si wa plastiki. Afike hospitali ndani ya saa 72, maana dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hazifai baada ya hapo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mama wangapi kwa uchungu na aibu wamemwosha mtoto kwanza, na ushahidi ukaondoka na maji? Hakuwaambia mtu.

La tatu, tusirushe. Wala jina, wala picha, wala skuli, wala jina la baba. Ukiwa na hasira, zipeleke mahakamani siku ya kesi. Kaa kwenye benchi. Mama wa mtoto akigeuka akaona watu kumi wamekuja kwa ajili yake, itakuwa tabu kumwambia siku ya pili "aumwe".

La nne ni la Serikali, na hapa ndipo kazi yetu ya upinzani ilipo. Shahidi anayetoka Kisiwa Panza analipa chombo mpaka Chokocho, kisha gari mpaka mjini, anapoteza siku ya mwani au ya kuvua, na akifika anaambiwa kesi imeahirishwa. Mara tatu hivyo, nani atarudi? Wengine hawakuhongwa na mtu, wamechoka tu. Basi wawakilishi wetu na wote wenye nafasi ya kuuliza waulize kwa hesabu: katika Wilaya ya Mkoani, kwa mwaka mmoja, kesi ngapi za watoto ziliripotiwa? Ngapi zilifika mahakamani? Ngapi ziliondoshwa kwa sababu shahidi hakuja? Nauli ya mashahidi imetengewa kiasi gani katika bajeti? Maafisa ustawi ni wangapi, na wana usafiri? Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa takwimu za matukio ya udhalilishaji, na zimekuwa zikionesha kwamba wengi wa wanaodhalilishwa ni watoto. Tukio tunalihesabu. Tudai na mwisho wa kila tukio uhesabiwe.

Wapo watakaosema haya hayaleti kura. Pengine kweli. Mtoto wa miaka tisa hatokupigia kura. Lakini sisi ni chama kinachosema kila siku kwamba haki ya mnyonge imeporwa na mwenye nguvu. Katika kijiji chochote cha Pemba, hakuna mnyonge kuliko mtoto aliyefungwa mdomo na watu wazima wote waliomzunguka. Kama maneno yetu hayamfikii yeye, tunayasema kwa ajili ya nani?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kikao cha tawi kijacho, kabla ya ajenda ya daftari, ombeni dakika kumi za hili. Chagueni wale vijana wawili. Andikeni majina yao na namba zao za simu ukutani, pahala ambapo mama yeyote atayaona bila kumuuliza mtu.